Moteri ya Hiace ndani ya Mustang ya Mama Godelieve

Barthélemy Mukalay alikuwa na shule moja tu maishani mwake: kunyamaza. Mwenye mali akitaja bei, yeye hunyamaza. Hainui nyusi, hatikisi kichwa, haondoki. Anakitazama kitu kana kwamba kimeshaanza kuoza mbele yake, mpaka mwenyewe anaingiwa na wasiwasi na kuishusha bei bila kuombwa. Kwa mbinu hiyo alitoka Kongolo juu ya behewa la mizigo, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye madumu manne ya mawese. Kwa mbinu hiyo hiyo leo, akiwa na miaka hamsini na miwili, ana hangari la vipuri kwenye barabara ya kwenda Kituku: redieta, springi, giaboksi, na moteri zilizotumika ambazo wenye maboti huja kuzichagua wakizigonga kwa vidole kama wanaonunua matikiti.

Njo maana Mama Godelieve alimchanganya. Mama Godelieve hakutaja bei.

Alikuwa mjane wa mkubwa mmoja wa reli, mama wa miaka sabini na kitu, mwenye nyumba ya matofali ya zamani na nyuma yake banda lenye milango miwili. Ndani ya banda hilo mlikuwa na Mustang ya mwaka 1969, buluu iliyopauka, milango miwili, pua ndefu kama ya papa. Marehemu aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Moteri yake ya silinda nane ilitolewa miaka ya vita na kutiwa kwenye boti la kuvusha watu kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, maana siku zile moteri yoyote nzima mjini ilikuwa ya boti. Boti lile na moteri yake sasa vinalala chini ya ziwa. Gari lilibaki juu ya matofali, na kuku wakalifanya mahali pa kutagia.

Barthélemy alikwenda asubuhi moja, akamkuta mama barazani anachambua maharage.

"Mama, ile gari unauza?"

"Hapana."

Barthélemy akanyamaza. Mama Godelieve naye akanyamaza. Alitoa kijiwe kimoja kwenye ungo, akakitupa. Akatoa kingine. Robo saa nzima ikapita hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara, Barthélemy ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Sasa utaifanya nini, Mama?"

"Mimi naenda Lubumbashi kwa binti yangu, tarehe ishirini na nane. Hii parseli, nyumba na kiwanja chake, nimeshauza. Wahunzi walikuja kuomba chuma, nimewaambia sawa."

"Wahunzi! Wataikatakata!"

"Wataikatakata, watatengeneza majembe. Jembe linalima. Hii gari inalima nini?"

"Basi nitajie bei, Mama. Bei yoyote."

"Papa Barthélemy, watu wanasema weye ukiambiwa bei unageuka bubu. Sitaki kukaa na bubu barazani kwangu." Akaweka ungo chini. "Sikia. Ukiiamsha, ikinibeba mimi na masanduku yangu mpaka uwanja wa ndege siku ile, inakuwa yako, na karatasi zake zote. Lakini itembee yenyewe, isisukumwe wala isivutwe. Ikishindwa kufika, ni ya wahunzi. Njo maneno yangu."

"Na mimi nalipa nini?"

"Nimekwambia. Hakuna."

Alirudi nyumbani akiwa ameshika kichwa. Biashara isiyo na bei unaikamata wapi? Haina mkia wala pembe. Mke wake, Jeannette, alipoambiwa, aliacha kusonga bugali.

"Amekupa bure?"

"Bure."

"Basi kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Weye njo mufanyabiashara."

Hata hivyo alilitaka gari lile, na sababu yake ilikuwa nyepesi. Kule Mpulungu, upande wa Zambia, kuna mtu anayenunua magari ya aina hiyo kwa ajili ya matajiri wenye kuyapenda, na kila meli inapokuja huleta salamu zake: umepata? Mustang nzima inayotembea yenyewe ingemwingizia zaidi ya vyote vilivyomo hangarini. Barthélemy alikuwa na siku ishirini na tatu.

Moteri aliitoa Kigoma. Moteri ya Hiace, ya esansi, yaani petroli, silinda nne, ya miaka ya karibuni, na kompyuta yake na waya zake zote hazijakatwa. Ilivuka ziwa ndani ya boti, imefunikwa turubai na kulaliwa na magunia ya unga. Fundi aliyemwita alikuwa Guelord wa Kituku, ambaye hakuna asiyemjua ufukweni. Boti likienda Moba au Kigoma na kurudi salama, kuna uwezekano mkubwa moteri yake imelazwa na mikono ya Guelord. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye maneno mengi, na asiyependa kuulizwa jambo mara mbili.

Siku ya kwanza alifungua kapo la Mustang, yaani boneti, akachungulia lile tundu kubwa ambamo silinda nane zilikuwa zikikaa, kisha akaiangalia ile ya Hiace.

"Papa Barthélemy, hapa palikuwa nyumba ya ng'ombe. Weye unaingiza mbuzi."

"Mbuzi anakunywa kidogo. Ingiza."

"Nafasi itabaki. Utaweza kulala humo ubavuni ukichoka kuendesha."

Aliifunga kama alivyofunga nyingine zote katika maisha yake. Alichonga mihimili miwili ya mulombwa, mbao ngumu nyekundu inayovunja misumeno, akaikaza juu ya chuma cha gari, na moteri akailaza juu ya mihimili ile. Mkia wake aliuinamisha kidogo, kwa sababu mikono yake ilizoea moteri inayoangalia kwenye pangaboi. Batri nayo aliifunga vile vile: waya zake zote mbili nene alizikaza kwenye moteri yenyewe, ule wa chanya kwenye stata, ule wa hasi kwenye chuma chake. Pompi ya esansi akaifunga nyuma, kwenye tangi, kwa boliti mbili.

"Kwa nini mbao?" Barthélemy aliuliza.

"Moteri inapenda mbao. Chuma juu ya chuma inatetemeka, boliti zinakimbia. Nimelaza zaidi ya mia moja, hakuna hata moja iliyonirudia."

Barthélemy hakuwa fundi. Alijua bei ya moteri. Jinsi inavyofikiri hakuijua. Akanyamaza, na safari hii kunyamaza kwake hakukumshushia chochote.

Siku ya tisa kabla ya tarehe ile, Guelord alikuwa chini ya gari. Alikuwa ameweka kriki, jeki ya chuma, kitako chake juu ya chuma cha gari na kichwa chake kikiinua tumbo la moteri, ili akaze boliti ya mwisho. Akapiga kelele: "Washa tuone!" Barthélemy akageuza ufunguo. Moteri ikawaka pale pale, bila kukohoa, ikanguruma polepole kama mtu anayeimba huku anafua. Mama Godelieve akatokea mlangoni, akasikiliza, akarudi ndani bila neno. Guelord akatoka chini akicheka meno yote nje.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia nini?"

Akaizima, akakaza boliti, akatoa kriki, akajifuta mikono. "Washa sasa, tuende tukanywe."

Barthélemy akageuza ufunguo. Moteri ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka.

"Geuza tena."

Ikazunguka. Haikuwaka.

Guelord akarudi chini, akaweka kriki, akainua ili aone kama kuna waya uliobanwa. Hakuna waya uliobanwa. "Washa." Ikawaka. Akatoa kriki. Sekunde tatu, moteri ikajikwaa, ikafa.

Guelord akanusa mdomo wa tangi.

"Esansi ina maji," Guelord alisema. Wakamwaga esansi yote, wakatia nyingine. Kriki ndani, ikawaka. Kriki nje, ikafa. "Basi pompi imechoka." Barthélemy akaleta pompi mpya kutoka hangarini. Kriki ndani, pompi mpya ilisikika ikivuma vizuri nyuma kule. Kriki nje, kimya. Wakaleta batri nyingine. Ikawa vile vile. Siku nne zikaliwa hivyo. Kila jioni Barthélemy alirudi nyumbani akiwa anajua kidogo kuliko asubuhi.

"Nieleze vizuri," Jeannette alimwambia. "Inawaka wakati gani?"

"Inawaka ikiwa inatengenezwa. Ikishatengenezwa, inakataa."

"Kama mgonjwa anayependa daktari."

"Usinichekeshe, Mama Julie," alimjibu mke wake. "Sina nafasi ya kucheka."

Usiku alilala chali akijiuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu: inataka nini? Kila aliyewahi kukataa mbele yake alikuwa anataka kitu. Forodha, mwenye boti, muuzaji wa Kigoma, hata shemeji yake. Unakitafuta kitu hicho, unampa nusu yake, mnapatana. Lakini moteri hii ilikuwa imepewa yote, nayo inakataa na kukubali kama mtu asiye na shida na wewe.

Siku ya tano Guelord akapata jawabu, au alidhani amelipata.

"Inataka kuinuliwa! Si unaona? Kriki inaiinua kidole kimoja. Inapenda kukaa pale juu."

Akapima kwa kamba, akachonga kipande cha tatu cha mulombwa, urefu ule ule wa kriki bila kuzidi hata unywele, akakipigilia chini ya moteri mahali pale pale. Akakaa nyuma ya usukani yeye mwenyewe. Ikazunguka, haikuwaka. Akashuka, akakizunguka kile kipande, akakipima tena.

"Urefu ni ule ule!" alikiambia kipande cha mbao. "Ni ule ule!"

"Labda haipendi mbao," Barthélemy alisema.

"Moteri zote zinapenda mbao!"

Mama Godelieve, aliyekuwa ameleta maji ya kunywa, aliuliza kwa upole kama awaambie wahunzi waje na mkokoteni mmoja au miwili. Guelord alikunywa maji yake ameupa ukuta uso.

Barthélemy, kwa kuwa ni mtu asiyejali sababu ikiwa kitu kinafanya kazi, akaamua kriki ibaki. Wakaifunga kwa kamba ya katani chini ya moteri, wakawasha, wakatoka bandani taratibu, kuku wakikimbia. Gari lilitembea! Liliuvuka uwanja, likafika getini, gurudumu likapanda kile kizingiti cha saruji, na chini kukasikika kitu kikianguka. Moteri ikafa. Kriki ilikuwa imelala katikati ya geti, na Mustang nusu ndani, nusu nje, kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kununua.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Guelord akakaa juu ya jiwe, akasema kwa sauti ya chini, yeye asiyependa sauti ya chini: "Papa, kosa ni ya ile kompyuta. Moteri ya kweli haina kompyuta. Tafuta muntu wa kompyuta."

Mtu wa kompyuta aliyepatikana alikuwa Olga, mama kijana wa karibu na soko anayefungua simu zilizoanguka majini na kufunga mitambo ya jua kwenye mapaa. Alikuja na mkoba mdogo, akasikiliza habari yote ya kriki, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kumkatiza mtu. Hakuifungua kompyuta. Alitoa kitaa kidogo chenye waya mbili. Waya mmoja akaugusisha kwenye chanya ya batri, mwingine kwenye moteri. Kitaa kikawaka. Ule wa pili akautoa kwenye moteri, akaugusisha kwenye mwili wa gari, kwenye chuma kitupu karibu na taa. Kitaa hakikuwaka.

"Papa Guelord," alisema, "kwenye boti, lampi moja unaiwekea waya ngapi?"

"Mbili. Mutoto anajua hiyo."

"Kwa nini mbili?"

"Mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Boti ni mbao, mbao haipitishi moto."

"Na kwenye gari?"

Guelord akainama, akaanza kuhesabu waya za taa.

"Kwenye gari ni waya mmoja," Olga alisema. "Umeme unaenda kwa waya, unarudi kwa chuma. Mwili wa gari njo waya wa pili. Njo masi. Sasa weye umefunga batri kwenye moteri, na moteri umeilaza juu ya mbao. Pompi iko kule nyuma, imefungwa kwenye mwili. Umeme unaifikia vizuri, lakini hauna njia ya kurudi. Kriki ni chuma. Mukiiweka, inagusa moteri na inagusa mwili, njia inapatikana. Mukiitoa, njia imekatika."

Barthélemy alimwangalia Guelord, na Guelord aliiangalia mihimili yake ya mulombwa, mizuri, iliyopigwa randa, kama baba aliyeitwa shuleni.

"Kwa hiyo mbao njo ilikuwa inakataa," Barthélemy alisema.

"Mbao haijakataa kitu. Mbao ni mbao."

Dawa yake ilikuwa waya mmoja mnene, urefu wa mkono, kutoka kwenye moteri mpaka kwenye mwili wa gari. Boliti mbili. Olga aliufunga kabla chai ya Mama Godelieve haijapoa. Barthélemy akageuza ufunguo, moteri ikawaka, ikaendelea kuwaka. Akaizima, akaiwasha, mara kumi. Alikuwa na haki ya kufurahi, lakini alijikuta bado anatafuta mahali pa kuweka zile siku saba. Kumbe haikuwa inataka kitu. Ilikuwa inakosa njia tu.

"Ni ngapi?" akamuuliza Olga. Olga akataja. Barthélemy akanyamaza.

"Papa, mimi sina muda wa kunyamaza," Olga alisema, akanyoosha kiganja. Akalipwa.

Tarehe ishirini na nane, saa nne za asubuhi, Mama Godelieve alitoka amevaa kitenge kipya na kofia, masanduku mawili yakawekwa nyuma. Guelord alifuata kwa pikipiki. Gari liliteremka mjini, watu wakasimama kando ya njia, wengine wakapiga makofi.

Mama Godelieve aliinamisha sikio. "Hii si sauti yake."

"Ni moteri mupya, Mama."

"Inalia kama cherehani. Ile ya zamani, ikipita kanisani padri alikuwa anangoja imalize ndipo aendelee na misa."

"Hii inakunywa kidogo."

"Hata cherehani."

Walipita mjini vizuri. Wakaingia barabara ya uwanja wa ndege, ambayo mvua za Machi zilikuwa zimeichimba na kuacha mawe yamechomoza. Barthélemy alikwenda kama anayebeba mayai. Springi za gari lile zilikuwa zimelala tangu zamani, mwili ulikaa karibu na ardhi. Na chini ya mwili, kwa sababu Guelord aliuinamisha mkia wa moteri kama wa boti, sahani ya oili, ile karteri, ilishuka chini kuliko kitu kingine chochote. Hakuna aliyelifikiria hilo. Walikuwa wanafikiria waya.

Jiwe lilikuwa moja tu, wala halikuwa kubwa. Mlio wake ulikuwa mdogo. Barthélemy aliendelea hatua kama mia hivi, kisha pikipiki ikaja ubavuni, Guelord akipunga mkono.

"Zima! Papa, zima! Karteri imepasuka! Oili yote iko barabarani!"

Alisimamisha gari lakini hakuzima. Mbele yao, juu ya nyasi, bati la uwanja wa ndege lilikuwa linaonekana. Kilomita moja, labda na nusu. Oili ilikuwa inatoka kama uzi mweusi. Moteri isiyo na oili inaweza kufika kilomita moja, au inaweza kujifunga hapa hapa na kuwa chuma kizito kisicho na kazi. Akizima, gari ni la wahunzi. Akiendelea na ikajifunga njiani, gari ni la wahunzi na moteri imekufa. Akiendelea na ikafika, gari ni lake lenye moteri mbovu. Alizipanga hizo tatu kichwani, akazipanga tena kwa njia nyingine, zikabaki tatu.

"Mama," alisema haraka, "tumefika robo tatu."

"Robo tatu ya nini? Ndege iko inaningojea kwa robo tatu?"

"Nakubebea masanduku kwa kichwa mpaka kwenye mlango wa ndege. Mimi mwenyewe."

"Sikuomba kichwa chako. Niliomba gari."

"Nakuongezea..." Akakwama. Aongeze nini juu ya biashara isiyo na bei? Hapakuwa na kitu cha kupunguza wala cha kuongeza. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo.

"Papa, zima!" Guelord alilia kama anayemwona mtu anazama.

Barthélemy akazima.

Mama Godelieve aliinyoosha kofia yake. Kisha akafungua mkoba, akatoa simu. "Allô, Papa André? Ile gari iko kwenye njia ya uwanja wa ndege, pale karibu na kalavati kubwa. Ndiyo. Ni yenu, muje muichukue. Karatasi namwachia Papa Barthélemy, atawapa." Na kweli, akazitoa mkobani na kumwekea Barthélemy mapajani. "Moteri ni yako, hiyo uliileta weye. Mwili ni wao. Nilisema, nawe ulisema sawa."

"Nilisema sawa, Mama."

"Ulikuwa unaweza kuendelea. Ungefika, naona."

"Ningefika, au nisingefika."

"Njo hivyo," alisema Mama Godelieve, akashuka. Guelord alimpakia nyuma ya pikipiki, sanduku moja mbele, lingine kichwani mwa mama, kofia mkononi, wakaenda. Hakugeuka.

Wahunzi walifika baada ya saa moja na nusu wakisukuma mkokoteni wa mbao: Papa André, mzee mwenye mikono iliyoungua mpaka viwikoni, na watu wake wawili wenye nyundo. Walilizunguka gari. Papa André akalisukuma kwa mguu kama anayejaribu godoro.

"Sasa hii tutaibeba na nini?" mmoja aliuliza.

"Tukate hapa hapa."

"Hapa barabarani? Polisi wakija?"

"Na hii moteri? Kilo ngapi?"

"Moteri ni ya kwangu," Barthélemy alisema. Alikuwa amekaa kwenye kapo tangu walipokuja, akinyamaza bila kukusudia. Lakini sasa, akiwasikiliza, kitu kilianza kukaa sawa kichwani, kama wakati jino linaponasa kwenye gia. Hawa walikuwa wanataka kitu. Mtu anayetaka kitu alikuwa anamjua.

"Papa André, kwenye hii gari munatafuta nini hasa? Mabati?"

"Mabati ya nini? Bati inafanya sahani za kulia kuku. Sisi tunatafuta springi. Chuma ya springi njo inatoa panga nzuri na jembe isiyopinda. Ile nyingine tutaiacha."

"Springi tu?"

"Springi tu. Vipande vinane, kila upande vinne. Na vyenyewe vimechoka, naona."

Barthélemy alishuka kwenye kapo. Hangarini kwake, nyuma ya redieta, kulikuwa na springi za malori ambazo hakuna aliyeziuliza tangu mwaka juzi, nene, kila kipande kizito kama nusu ya mtoto. Hakuzitaja. Alizitazama zile za Mustang chini kule, akapiga kelele kidogo kwa ulimi, kama mtu aliyeona ugonjwa.

"Hizi zimelala. Mutazipiga, zitavunjika."

"Hiyo tunajua wenyewe."

"Kama ningekuwa na nyingine..."

Papa André alimtazama kwa jicho moja. Kisha yeye naye akanyamaza. Barthélemy akaona kwamba ameshaangukia mwenye shule yake. Kazi ikawa ndefu. Jua lilisogea, watu waliokuwa wanatoka uwanja wa ndege waliwapita wakidhani wanaomboleza. Walianzia vipande kumi, wakapanda mpaka ishirini, wakarudi kumi na mbili, wakabishana kuhusu nani atavileta na lini, Papa André akaondoka mara mbili na kurudi mara mbili. Waliishia kumi na sita vya lori kwa Mustang nzima, kesho asubuhi, pamoja na karamu ya mbuzi nusu, ambayo Papa André alikataa kuiondoa. Wakapeana mikono. Wahunzi wakageuza mkokoteni wao mtupu wakaenda.

Guelord alirudi akiwa na waya wa kuchomelea karteri na habari kwamba ndege bado haijaja.

"Haijaja?"

"Wanasema labda jioni. Labda kesho. Mama amekaa kwenye benchi, anakula karanga."

Barthélemy akahesabu saa kwa vidole. Kama baada ya kuzima angeziba karteri kwa sabuni na kitambaa, akangoja Guelord alete oili, akaendelea... Akaacha kuhesabu.

"Kwa hiyo, Papa," Guelord alisema, akiingia chini ya gari, "tumeshinda ama tumeshindwa?"

Barthélemy alifikiria springi za bure zilizokuwa zinashika kutu hangarini, na siku ishirini na tatu, na moteri iliyovuka ziwa chini ya unga. Na kwamba wahunzi walikuwepo sokoni siku zote zile, hatua mia nne kutoka hangarini kwake, wakitaka springi tu, naye hakwenda kuwauliza.

"Sijui," alisema. "Chomelea kwanza."